Unga wa PEI kwa seli za HEK293T: unafaa maabara za Nairobi

Kwa maabara ya Nairobi inayoingiza plasmidi (vipande vya DNA vya duara) kwenye HEK293T (seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabara) mara kwa mara, nunueni PEI (polyethylenimine, polima inayobeba DNA hadi ndani ya seli) mnyoofu wa 25 kDa (kipimo cha ukubwa wa molekuli) ulio katika hali ya unga. Unga hauhitaji barafu safarini. Lipofectamine 3000, dawa ya maji ya kazi hiyohiyo, ni nzuri mno, lakini hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 bila kuganda, na mzigo ukichelewa uwanja wa ndege, wasiwasi ni wenu. Gramu moja ya PEI hutoa lita nzima ya miligramu 1 kwa mililita, ilhali kisima kimoja cha sahani ya visima 6 hutumia mikrolita 6.

Kazi ni kuuyeyusha. Katika maji baridi ya kawaida hauyeyuki. Shusha pH chini ya 2 kwa asidi ya haidrokloriki, koroga hadi maji yawe maangavu, irudishe hadi 7.0 kwa sodiamu haidroksaidi, kisha chuja kwa chujio la mikromita 0.22. Gawa kwenye vichupa, hifadhi kwa nyuzi -20. Kichupa kikishatolewa kikae kwenye friji, kisigandishwe tena.

Seli zikifunika asilimia 70 hadi 80 ya kisima, changanya mikrogramu 2 za DNA na mikrolita 200 za DMEM (midia, yaani kimiminika cha lishe ya seli) isiyo na seramu, ongeza PEI mikrogramu 6, tikisa, subiri dakika 15 hadi 20, kisha weka mchanganyiko kwenye seli. Seramu isiwepo wakati wa kuchanganya, maana protini zake hunaswa na PEI na kuvuruga ushikamano wake na DNA. Ukichelewa sana, chembe za PEI na DNA hukua kupita kiasi na kudhuru seli. Badilisha midia baada ya saa 4 hadi 6, ukiimimina polepole kando ya kisima. HEK hubanduka upesi. Uwiano wa 3:1 (uzito wa PEI kwa DNA) ni wa kuanzia tu: kila mara mtengenezapo PEI mpya, jaribuni 2:1 hadi 4:1 kwa plasmidi ya GFP (protini inayong'aa kijani).

Jambo linalosahaulika ni mwinuko. Hapa Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, asilimia 5 ya CO2 ndani ya inkubeta ina shinikizo dogo kuliko Mombasa, hivyo pH ya midia hupanda kidogo. Midia ikigeuka waridi humo, pandisheni CO2 hadi karibu asilimia 6.

Kwa nyuroni au seli T, msinunue PEI. Hizo zinataka njia nyingine, mfano mshtuko wa umeme.