Kurugenzi ya utafiti ya chuo chetu: andiko lilikuwa tayari, wa kulituma hakuwa tayari

Naanza na hukumu kabisa: kama una andiko la kuomba ufadhili na unategemea kurugenzi ya utafiti ya chuo chetu ikufikishe mwisho, tafuta njia nyingine. Chuo sikitaji. Ni cha umma, kipo hapa hapa Tanzania, na walimu wenzangu wataitambua ofisi hiyo bila kuambiwa. Nina hasira na sitaki zipoe kabla sijaandika.

Kwa asiyejua kazi hizi, ukiomba ruzuku ya utafiti NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mwombaji si wewe mtafiti. Mwombaji ni chuo. Wewe unaandika, unatafuta wenzako, unapiga hesabu za bajeti, unapandisha viambatisho kwenye mfumo kimoja kimoja, lakini kutuma huna uwezo. Anayetuma ni mtu aliyepewa na chuo mamlaka ya kusaini kwa niaba yake. Anaingia kwa nywila yake mwenyewe na kubonyeza. Asipobonyeza, andiko linalala pale pale. Kwetu mwenye mamlaka hayo ni afisa mmoja, kwa chuo kizima na ndaki zake zote.

Andiko letu lilihusu shinikizo la damu kwa wajawazito. Tuliliandika na daktari wa wanawake wa hospitali ya rufaa, mtakwimu, na wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto ambao walikuwa wakimaliza zamu wanakaa na sisi kupanga namna ya kuwafuatilia kina mama hadi baada ya kujifungua. Kila kitu kilikuwa kwenye mfumo siku kadhaa kabla ya mwisho. Nilimwandikia afisa barua pepe. Nikapeleka na dokezo kwa mkono, masjala wakaligonga mhuri wa kupokelewa. Kimya.

Siku ya mwisho, alasiri, nikaenda mwenyewe. Nilimkuta mezani, chai mbele yake, simu sikioni. Nikasubiri amalize. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Lile andiko la NIH linafungwa saa kumi na moja jioni hii, limebaki kutumwa tu."

Akacheka. "Daktari, tulia. Hao ni Wamarekani. Huko kwao sasa hivi ndiyo kwanza asubuhi. Tuna muda mpaka usiku."

Sasa NIH wameliandika jambo hili kwa maneno ambayo hayana utata: mwisho ni saa kumi na moja jioni kwa saa za mahali ilipo taasisi inayoomba. Si saa za Washington. Ukiwa Dodoma ni saa za Dodoma. Nilikuwa nimechapa ukurasa huo wa mwongozo na kuupigia mstari, nikamwekea mezani. Hakuusoma. Alisogeza glasi ya chai akaiweka juu yake, akaniambia, "Mimi nimeanza kushughulika na wafadhili wewe bado unasoma. Usinifundishe kazi." Kisha akanyanyuka kwenda kikaoni.

Glasi ile imeacha duara la chai juu ya mstari nilioupigia. Karatasi ninayo hadi leo.

Alirudi giza limeshaingia, akafungua mfumo, akabonyeza, akanigeuzia kioo cha kompyuta ili nione kwamba limekwenda. Kwenda lilikwenda, saa zikiwa zimepita. NIH huwa wanaangalia maombi yaliyochelewa ndani ya wiki mbili, lakini kwa sababu wanazozikubali wao: msiba wa ndugu wa karibu, ugonjwa mkali wa ghafla, maafa kama mafuriko. Kutofuata maelekezo hakumo. Ningeandika nini kwenye barua ya maelezo? Kwamba chuo kimekataa kusoma ukurasa mmoja?

Kesho yake nikamfuata tena, nikitegemea angalau pole. Akasema, "Si utaomba dirisha lijalo? Miradi ipo mingi." Aina ile ya ombi ina madirisha matatu kwa mwaka, yaani unakaa miezi minne ndipo utume, halafu usubiri tena miezi wakati wataalamu wanalipitia. Mtakwimu wetu alikuwa ameajiriwa kwa mkataba unaoisha kabla ya hapo. Nani anamwambia? Ni mimi. Si afisa.

Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimemdhulumu mtu. Katika kurugenzi hiyo hiyo yupo dada mmoja wa uhasibu ambaye, kwa kweli, sijawahi kuona mtu anajua kazi yake hivyo. Ndiye aliyeshika bajeti yetu akasema gharama za uendeshaji za chuo tulivyoziweka zitakataliwa, kwa sababu taasisi iliyo nje ya Marekani NIH huipa asilimia 8 tu. Ile asilimia 25 tuliyoizoea ni ya Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti. Ndiye pia anayekumbuka kwamba usajili wa chuo kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaoomba fedha zake, lazima uhuishwe kila mwaka, na Aprili 2022 Marekani ilipoachana na namba za DUNS za kutambulisha taasisi na kuleta namba mpya za UEI, ndiye aliyehangaika na nyaraka mpaka rekodi za chuo zikakaa sawa. Kama ningeandika haya siku aliyonirudishia bajeti ikiwa safi, ningeipa ofisi alama zote na kumshukuru mkurugenzi.

Na hapo ndipo hasira zinanipanda upya. Mfumo wa NIH hauzuii chuo kuwa na watu kadhaa wenye mamlaka ya kusaini. Unaruhusu kabisa. Kwa nini dada huyu si mmoja wao? Nilimuuliza. Akaniambia taratibu kwamba aliwahi kuomba, akajibiwa kuwa yeye ni mtu wa uhasibu, mambo ya utafiti hayamhusu. Hayamhusu! Bila yeye hata huo mlango wa mfumo usingefunguka.

Basi narekebisha nilichosema juu. Itumieni ofisi hiyo, tena mapema, na pelekeni bajeti zenu kwa dada wa uhasibu kabla ya mtu mwingine yeyote. Ila msikubali kuondoka pale bila jibu la maandishi la nani atatuma, na saa ngapi kwa saa zetu. Akiwa ni yule yule afisa na hana msaidizi, rudini kwenye hukumu yangu ya kwanza.

Nimeandika dokezo kwa uongozi kuomba dada huyo apewe mamlaka ya kutuma, na wenzangu wa ndaki yetu wamesaini. Jibu lililokuja linasema suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Dirisha lijalo limekaribia, na anayetajwa kwenye mfumo bado ni yule yule.