Inama bookshop ya hapo tao Nairobi, ile ya vitabu vya mitumba: tisa kwa kumi, lakini anza kufungua kurasa za mwisho

Wacha nianze na bei juu najua ndio mnataka kusikia. Kitabu chembamba cha mtoto wa Gredi ya pili ama ya tatu ni hamsini hadi mia. Riwaya ya tineja, zile nene za kurasa mia tatu hivi, ni mia na hamsini, ukijua kuongea unapewa na mia na ishirini. Ukishakisoma ukirudishe kama hakijachanika, unaongeza hamsini unabeba kingine. Hapo kwa hiyo hamsini ndio nilinaswa, sai ni karibu mwaka na mfuko wangu umezoea.

Mahali ni upande wa barabara ya Tom Mboya, kwa ukuta wa duka ambalo sijawahi kuona likifunguliwa. Mzee ametandika nailoni nyeusi chini, vitabu vimepangwa migongo ikiangalia juu, na mvua ikinusa tu nailoni nyingine inafunika kila kitu kabla hujamaliza kusema "nilikuwa naangalia hicho". Ndio maana inaitwa inama bookshop, usipoinama huoni kitu, na ukishapita miaka arobaini kama mimi kuinuka ndio shida. Nenda na mtoto. Yeye atachuchumaa hapo nusu saa na hataona hata watu wanavyomruka.

Mimi huenda na wawili, kijana wangu wa miaka saba na mtoto wa dadangu ambaye ni wa miaka kumi na tatu na hapendi kitu chochote duniani, kulingana na yeye. Mara ya kwanza nilikuwa nimewapeleka duka kubwa la vitabu, sitalitaja. Rafu kumi za vitabu vya kozi, marudio na mitihani, halafu hapo kwa kona rafu moja ya hadithi, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi ya plastiki, na dada wa duka anawafuata watoto nyuma nyuma kama wameficha mkate. Bei, mia saba. Sio makosa yao yote, tangu ile sheria ya kodi ya VAT ya 2013 vitabu vikaanza kutozwa asilimia 16 kama soda. Lakini sasa mtoto atajuaje anapenda kitabu kama haruhusiwi kukifungua? Tukatoka na rula na kifutio.

Kwa mzee ni tofauti kabisa. Kwanza haniulizi mimi, anauliza mtoto. Siku ile alimwangalia kijana wangu akamuuliza, "Wewe unapenda kuogopa ama kucheka?" Mtoto akafikiria vizuri sana, akajibu, "Kuogopa kidogo." Mzee akaingiza mkono katikati ya ile safu bila kuangalia akatoa kitabu cha nyumba yenye ngazi ambayo usiku inaongezeka kidato kimoja. Basi. Huyo mtoto alisoma kwa matatu mpaka tukapitisha steji yetu, kondakta akatuuliza kama tunahamia Kayole.

Vitabu vyenyewe vingi vimetoka majuu na vimetembea kuliko mimi. Ukifungua unapata muhuri wa maktaba ya Marekani, halafu muhuri mwingine mwekundu juu yake wa kuonyesha walikitupa, ama jina la mtoto fulani na Krismasi ya 1998 kwa kalamu ya zambarau. Nilipenda sana hiyo mwanzoni. Baadaye ikaanza kunisumbua juu kijana aliniuliza kama Nairobi theluji huanguka tukiwa tumelala, na mtoto wa dadangu anajua mpangilio wa makabati ya shule za sekondari za Marekani kuliko anavyojua Buruburu.

Kwa hivyo nikamuuliza mzee vya Kiswahili viko wapi. Akanionyesha. Viko, msiseme haviko, lakini ni vile vya kusomwa darasani vyenye maswali kila mwisho wa sura, na vya wadogo, sungura na fisi, Abunuwasi, hizo hazizeeki. Sasa wa miaka kumi na tatu asome nini? Mzee akatoa riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, na nikafurahi kama nimeona classmate. Hii nilisoma usiku na tochi kwa bweni na sikuwa nimeambiwa na mtu nisome. Nikafungua. Yule aliyekuwa nayo alikuwa amepigia mstari karibu kila sentensi kwa bairo nyekundu, pembeni ameandika "tashbihi", "methali", "istiara", "sifa za Kongowea: mvumilivu" (Kongowea ndiye mhusika mkuu). Ukurasa mzima kama maiti iliyopasuliwa hospitali. Mtoto wa dadangu akaangalia akasema, "Anti, hii si ni ya mtihani?" akairudisha chini. Na huwezi mlaumu. Vitabu vya Kizungu vinamfikia kama vitabu, vya Kiswahili vinamfikia kama kazi. Hiyo alama moja niliyotoa kwa kumi ni ya hapo, ingawa mzee hana kosa, yeye anauza kile watu wanatoa nyumbani wakihama.

(Mtu akiniuliza kwa nini tusiende tu maktaba, tunaenda. Kaloleni na Makadara zilikarabatiwa na shirika la Book Bunk na ni raha kukaa. Maktaba ya McMillan pale barabara ya Banda nayo nilimwonyesha kijana wale simba wa mawe mlangoni, nikamwambia ilifunguliwa 1931 lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mpaka 1958, akauliza kama simba ndio walikuwa wanazuia. Lakini maktaba kitabu kina siku ya kurudi, na huyu wangu anapenda kulala nacho.)

Sasa malalamiko. Mwezi wa tatu mtoto wa dadangu alibeba riwaya moja nene, msichana na kakake wamepotea baharini kwa mashua. Alisoma siku tatu, hata simu akaiweka chini, nikampigia mamake kumwambia kuna muujiza. Siku ya nne nikasikia mlango umebamizwa. Kitabu kimeisha ukurasa wa 288. Mashua inaingia maji, kakake ameshika kamba, na baada ya hapo ni jalada. Nikaja kujua vitabu vingine vya aina hiyo hufungwa kwa mafungu, mara nyingi kurasa 16 ama 32 kwa fungu, gundi ikichoka linaweza kutoka fungu zima, si karatasi moja tu. Na kwa sababu ni fungu zima huoni mahali pamechanika, mgongo unakaa sawa tu. Ndio nikasema anza na kurasa za mwisho. Usiangalie jalada, angalia kama hadithi inaisha.

Tulirudi Jumamosi nikiwa nimejipanga kwa vita. Mzee akachukua kitabu, akavaa miwani, akasoma huo ukurasa wa mwisho wote tukiwa tumesimama, halafu akasema pole pole, "Kumbe. Hata mimi sijui inaishaje." Pesa hakurudisha, hiyo muijue kabisa, ila alimwambia mtoto wa dadangu achague kingine bure, na akachagua cha mia mbili bila aibu. Kabla hajaacha kile cha kwanza, akaomba penseli akaandika chini ya 288: "Wameiba mwisho. Usinunue." Nilidhani mzee atakasirika. Akakirudisha kwa safu vile vile, bei hamsini.

Na kikanunuliwa! Wiki iliyopita tumekipata tena hapo hapo, mtu amesoma akakirudisha. Chini ya maandishi yake kuna mwandiko mwingine, wa mtoto mdogo zaidi, herufi kubwa kubwa za kubonyeza: "MIMI NIMESOMA YOTE YA SHULE YETU. KAKA ALIKUFA. POLE."

Mtoto wa dadangu amekataa. Anasema huyo ni mwongo, hawezi kufa, mashua ilikuwa karibu na kisiwa na hiyo ilisemwa sura ya nne. Mzee amesema kuna mzigo unakuja Ijumaa kutoka kwa watu wanaohama Lavington na atatuwekea kama kiko. Kwa hivyo Jumamosi tuko hapo tena saa nne, na kama kuna mtu hapa kwake kile kitabu kimefika 304, tafadhali usiniambie mimi, mwambie yeye.