Sola ya nyumbani Dar: kabla ya paneli na betri, uliza inveta yenyewe inakula nini

Lalamiko ni lile lile kutoka Tabata hadi Mbagala. Betri imejaa mchana, jioni zimewashwa feni mbili, taa na televisheni, na saa tisa usiku inveta inaanza kupiga mlio. Fundi anaitwa, anasema betri hazitoshi, ongeza mbili. Zinaongezwa, mlio unahamia alfajiri. Hakuna aliyeitazama inveta.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri (DC) kuwa wa nyumbani (AC), ikiwa imewashwa inakula umeme hata kama haiendeshi taa moja. Nyingi za haibridi (zinazopokea paneli, betri na TANESCO kwenye boksi moja) za kVA 5, zile za bei ya kati, zinakula wati 50 hadi 60. Hiyo ni feni ya dari isiyozimwa mwaka mzima. Wati 60 kwa saa 24 ni uniti 1.44 kwa siku, uniti 43 kwa mwezi. Mteja wa T1, kundi la kawaida la TANESCO, ambaye elfu kumi ya LUKU inampa uniti 28, anapoteza zaidi ya shilingi 15,000 kila mwezi kwa chombo alichokinunua ili kuokoa.

Usiku ndipo panapouma. Chukua betri mbili za jeli, volti 12, ampea-saa 200 kila moja. Kwa maandishi ni uniti 4.8, lakini betri ya aina hiyo ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua mapema, kwa hiyo una uniti 2.4 za kutumia. Inveta ya wati 50 kwa saa 12 za giza imekula 0.6. Robo nzima imekwenda kabla feni haijazunguka.

Kupima ni rahisi. Betri ikiwa imejaa, zima breka ya paneli na ya TANESCO, kisha zima breka zote za nyumba lakini inveta iache imewashwa. Shika waya mnene wa betri kwa klampu mita inayosoma umeme wa DC. Zile za AC tupu hazitasoma kitu. Zidisha ampea kwa volti. Ukisoma ampea 1.2 kwenye betri ya volti 51, ni wati 61. Na usikubali kutulizwa kwamba ipo hali ya kubana umeme: katika hali hiyo inveta inalala na kuamka kuchungulia kama kuna mzigo, na ruta au taa ndogo ya LED mara nyingi haitoshi kuiamsha. Taa zinapepesa, intaneti inakatika, mwisho unaizima hali hiyo mwenyewe.

Namba hii ya wati inazokula bila mzigo imeandikwa kwenye karatasi ya vipimo ya inveta yoyote ya maana. Waulize wauzaji Kariakoo, wengi watakujibu, "Hiyo haili kitu, dada." Inakera sana, kwa sababu mtu analeta akiba ya miaka, na anayempokea hajaifungua karatasi iliyomo ndani ya boksi analouza. Ukinyimwa karatasi, ondoka na hela yako.

Sasa, betri iwepo au isiwepo? Ukiwa kundi la D1, la shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi hadi uniti 75 kwa mwezi, usinunue paneli kwa nia ya kuokoa. Hazitarudisha fedha katika muda wa maana. Ukiwa T1, paneli zinaokoa na betri inanunua utulivu umeme ukikatika. Hayo ni mahitaji mawili tofauti, na anayekuuzia vyote kwa hoja moja anakuchanganya. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, lakini transfoma ya mtaa wenu ikiungua, bwawa halikusaidii.

Chaguo la kwanza, na sifichi upendeleo, ni Victron MultiPlus-II 48/3000 na betri ya lithiamu (LiFePO4) ya volti 51.2, ampea-saa 100. Ikiwa haina mzigo inakula wati 11. Usiku mzima ni uniti 0.13 kutoka kwenye betri ya uniti 5.12. Ina transfoma ya shaba, nzito kuibeba, na ndiyo inayohimili friji au pampu inapoanza kuvuta. Kasoro yake ni bei, na kontrola ya paneli, ile inayoongoza umeme wa jua kuingia betri, unainunua kando. Ukichukua SmartSolar 150/35, paneli nne za wati 550 ziunge mbili mbili mfululizo, halafu jozi hizo sambamba. Tatu mfululizo zinafika karibu volti 150, ambazo ndizo mwisho wa kontrola hiyo, au kuvuka, na kontrola inaungua. Mzigo wa kudumu uhesabu wati 2,200 kwa joto letu: friji, feni, taa, televisheni na pampu ndogo vinaingia. Jagi la umeme na pasi visiwashwe pamoja. Shawa ya umeme ibaki TANESCO.

La pili ni inveta hiyo na betri hiyo bila paneli kwanza, ikichajiwa na TANESCO. Kwa mpangaji, au nyumba ambayo umeme hukatika saa chache tu, linatosha. Paneli zitafuata.

La tatu ni paneli na inveta ya gridi, inayofanya kazi sambamba na umeme wa TANESCO, bila betri. Linafaa saluni, ofisi ya nyumbani, kila penye kiyoyozi mchana. Lakini TANESCO ikikatika nayo inazima, jua likiwaka, kwa usalama wa mafundi walioko kwenye nguzo. Tena mita nyingi za kulipia kabla huhesabu umeme unaorudi kana kwamba umeutumia, au hujifunga. Dai kifaa cha kuzuia umeme usirudi, na kipimwe mbele yako.

La nne ni haibridi za boksi moja za Deye au Growatt. Zinafanya kazi; ila soma wati inazokula bila mzigo modeli unayopewa, kisha ongeza betri kufidia. Seti za bei nafuu zenye betri za jeli ni za taa na simu, basi.

Kwenye paneli beba futi kamba. Paneli nzuri ya sasa hutoa wati 200 hadi 220 kwa mita ya mraba. Ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana 1.13. Ukiona "wati 300" kwenye kipande kisichofika mita moja ya mraba, lebo inadanganya.

Fundi azielekeze kaskazini kwa mwinamo wa digrii 10 hivi, mvua iweze kuosha vumbi, na aache nafasi ya sentimita 10 juu ya bati. Paneli ikifika joto la digrii 60 inapoteza karibu asilimia 12 ya nguvu. Simtanki juu ya paa ni adui: kivuli chake kwenye paneli moja kinadhoofisha zilizoungwa nayo mfululizo. Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach tumia reli za alumini na bolti za chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya bahari inakula bolti za kawaida.

Dai risiti ya EFD yenye namba ya modeli, maana "inveta 5KVA" peke yake haikusaidii ukirudi na dhamana. Na malipo ya mwisho ya fundi yasubiri hadi klampu mita isomwe nyumbani kwako, breka zote zikiwa zimezimwa.