Kiyoyozi kwa pikapu ya zamani: seti zipi zinafaa, kwa mpangilio

Anayetaka kuweka AC kwenye pikapu ya zamani mara nyingi huanza na dashibodi: matundu ya hewa yatakaa wapi, swichi zitaendana na mwonekano wa gari au zitaliharibu. Namshauri aanze mbele, kwenye grili. Kazi ya kiyoyozi ni kuchota joto ndani ya kabini na kwenda kulimwaga mbele ya rejeta, na pikapu nyingi za zamani hushindwa hapo kwenye kumwaga. Ukinunua evaporeta kubwa (kifaa kinachopoza hewa ya kabini) ukaipa kondensa ndogo (kifaa kinachomwaga joto mbele ya rejeta) na feni dhaifu, utapata baridi barabarani na jasho kwenye foleni. Mpangilio ulio hapa chini nimeupanga kwa kuangalia hilo kwanza, kisha upatikanaji wa spea, kisha kiasi cha bodi kitakachokatwa.

Kabla hujaagiza chochote, hakikisha umeme wa gari lako. Pikapu nyingi za Marekani za kabla ya katikati ya miaka ya 1950 zilitoka kiwandani na volti 6, na baadhi yake chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Baadhi ya pikapu za dizeli za Kijapani zina volti 24. Seti nyingi zinazouzwa ni za volti 12, hasi kwenye bodi. Angalia pia altaneta. Ukikuta dainamo au altaneta ndogo ya ampea 30 au 40, iondoe kwenye hesabu mapema: feni ya ndani, klachi ya kompresa (inayoiunganisha na injini pampu inayosukuma gesi), feni ya kondensa na taa za usiku vikiwaka kwa pamoja vitaimaliza betri, hasa injini inapozunguka polepole gari likiwa limesimama. Tafuta altaneta ya ampea 65 na zaidi, na kama utaweka feni kubwa ya umeme, nenda mpaka 100.

1. Seti kamili iliyotengenezwa kwa modeli yako

Kama pikapu yako ni Ford F-100, Chevrolet C10 au nyingine inayopendwa na wengi, hili ndilo chaguo la kwanza, na tofauti yake na yanayofuata ni kubwa. Kampuni kama Vintage Air ya San Antonio, Texas, iliyoanza mwaka 1976, hutengeneza seti ambazo breketi ya kompresa, kondensa na matundu ya hewa vyote vimepimwa kwa gari husika. Unatoa hita ya zamani, mahali pake panakaa kisanduku kimoja chenye evaporeta na kiini cha hita. Unapata baridi, joto na hewa ya kufuta ukungu kwenye kioo.

Thamani ya seti hii iko kwenye breketi. Kompresa isiyokaa sawasawa na puli ya injini hula mkanda, hupiga kelele na mwishowe huua beringi ya klachi. Breketi iliyochongwa kwa injini yako inakuondolea taabu hiyo. Kwa hiyo unapoagiza, taja injini iliyomo ndani ya gari leo, usitaje iliyotoka nayo kiwandani. Pikapu nyingi zimeshabadilishiwa injini.

Kuna mambo mawili ya kuuliza. La kwanza, je, kijaluba cha dashibodi kitabaki? Mara nyingi kisanduku kinakula nafasi yake na unapewa kingine kifupi. La pili ni vali ya maji ya hita. Lazima iwepo, na ifungwe kwenye hozi inayotajwa na mwongozo. Maji ya moto yakiachwa yazunguke kwenye kiini cha hita wakati unataka baridi, evaporeta itakuwa inapambana na jirani yake ndani ya kisanduku kilekile, na fundi atakuongezea gesi bure akidhani imepungua.

2. Kisanduku cha chini ya dashibodi

Kwa Datsun, Hilux za mwanzo, Peugeot 404, Land Cruiser za zamani na nyingine zisizo na seti ya modeli, chukua hiki. Evaporeta na feni vinaning'inia chini ya dashibodi, hita yako haiguswi, na siku ukiamua kulirudisha gari kama lilivyokuwa, unaziba matundu machache ya skrubu. Kwa pikapu ya kabini moja yenye hita nzima nakiona kinakaribia sana nafasi ya kwanza, kwa sababu kabini yenyewe ni ndogo na hewa haina safari ndefu.

Ubaya wake ni magoti. Kaa kwenye kiti cha katikati, au mweke mtu hapo, kisha pima kwa boksi la karatasi lenye ukubwa uleule kabla ya kununua. Ingiza gia zote. Pikapu nyingi zina gia ya sakafuni, na gia ya kwanza au ya tatu inaweza kugonga kisanduku. Angalia vilevile bomba la kutolea maji yanayodondoka kwenye evaporeta: literemke moja kwa moja hadi nje bila kupanda popote, la sivyo maji yatamwagikia miguu ya abiria na kuozesha sakafu chini ya zulia.

3. Kuunganisha vifaa vya gari jingine

Kompresa ya gari hili, kondensa ya lile, hozi za kubana upya. Njia hii ina faida moja kubwa: ukichagua vifaa vya magari yaliyojaa barabarani, spea hazitakusumbua. Inafaa pale tu unapokuwa na fundi anayejua kuchomelea breketi na kunyoosha puli kwa rula ndefu, siyo kwa jicho. Kompresa iliyokaa wazi bila vizibo imeshavuta unyevu na vumbi, hivyo iache. Hozi, o-ringi (raba za duara za kuziba maungio) na drayari (chupa inayonyonya unyevu kwenye mfumo) nunua vipya bila mjadala. Drayari isifunguliwe vizibo vyake mpaka dakika za mwisho kabla ya kuvuta vakyumu, yaani kuitoa hewa yote kwenye mfumo kwa pampu, kwa sababu chembe zake za kukaushia huanza kunyonya unyevu wa hewani mara ikifunguliwa.

4. Kufufua mfumo wa kiwandani

Huu ni wa mwenye gari linalothaminiwa kwa uasili wake. Mifumo hiyo ilitumia gesi ya R-12, ambayo Itifaki ya Montreal ya 1987 iliiweka kwenye orodha ya gesi za kuondolewa kwa kuharibu tabaka la ozoni. Kuhamia R-134a, gesi iliyochukua nafasi yake, kunawezekana, lakini mafuta ya zamani ya madini hayachanganyiki na gesi hiyo, kondensa za zamani za bomba na mapezi humwaga joto kidogo kuliko inavyohitaji, na hozi za kale huivujisha taratibu. Ukishabadilisha hayo yote, ulichobaki nacho cha kiwandani ni matundu na swichi.

5. Kompresa ya umeme ya volti 12

Inavutia kwa sababu haihitaji breketi wala mkanda. Lakini inaweza kula ampea 40 hadi 80, na mzigo huo wote unaiangukia altaneta. Ilitengenezwa zaidi kwa ajili ya malori ambayo dereva analala ndani injini ikiwa imezimwa, yenye betri kubwa. Kwa pikapu ndogo ninaiweka hapa chini, isipokuwa injini haina kabisa mahali pa kufunga kompresa.

Vipo pia vipoza hewa vya maji vinavyopachikwa dirishani, maarufu Marekani katika miaka ya 1950. Vinafanya kazi kwenye hewa kavu tu. Penye unyevunyevu vinakuongezea fukuto.

Kondensa na upepo wake

Seti yoyote utakayochagua, hapa usibane pesa. Nunua kondensa ya mtiririko sambamba, ile yenye mabomba bapa mengi yanayogawana gesi kwa pamoja, na iwe kubwa kadiri uso wa rejeta unavyoruhusu. Ikae karibu na rejeta, umbali wa kama sentimita moja, na pembeni pazibwe kwa sponji ili hewa isikwepe.

Kisha jaribu feni. Washa injini, iache izunguke polepole, weka karatasi ya kuandikia mbele ya kondensa na uiachie. Inapaswa kung'ang'ania pale. Ikianguka, hakuna gesi itakayokuokoa kwenye foleni. Mara nyingi kinachokosekana ni kava la feni, lile linaloizunguka na kuilazimisha kuvuta hewa kupitia rejeta nzima. Pikapu nyingi za zamani zisizokuja na AC zilitoka kiwandani bila kava hilo, au wenyewe waliling'oa zamani. Lirudishe kabla hujafikiria feni ya umeme. Ukinunua ya umeme, ya kuvuta iliyo nyuma ya rejeta hushinda ya kusukuma iliyo mbele, kwa sababu ya mbele huizuia hewa gari likiwa kwenye mwendo.

Kompresa ni uamuzi mwepesi zaidi. Sanden SD-508, yenye pistoni tano na ujazo wa sentimita za ujazo 138, imeenea kiasi kwamba mafundi wengi wanaijua kwa kuiona. SD7H15 ina pistoni saba na ujazo wa 155, na huzunguka kwa ulaini zaidi. Kwa injini ndogo chini ya lita mbili, SD-508 inatosha. Yenye kabureta iongezewe kifaa cha kupandisha mzunguko klachi inaposhika, isije ikazima kwenye taa.

Kabini

Seti nyingi za namna hii huzungusha hewa ya ndani tu, hazivuti ya nje. Kila tundu kwenye ukuta wa injini linaingiza hewa ya moto ambayo mfumo haukupangiwa. Ingia ndani mchana, funga milango, mwambie mtu amulike tochi kali kutoka upande wa injini. Popote unapoona mwanga, ziba. Raba za pedali, tundu la kebo ya spidi, milango midogo ya hewa karibu na miguu, raba za milango. Kisha bandika shiti za kuzuia joto sakafuni, kwenye ukuta wa injini na, muhimu kupita vyote, chini ya paa. Bati la paa lililo uchi linashusha joto kichwani siku nzima.

Siku ya kujaza gesi

O-ringi zipakwe mafuta ya kompresa, nati zikazwe kwa spana mbili ili bomba lisijipinde. Kupima uvujaji kwa mgandamizo kufanywe kwa naitrojeni kavu, kamwe siyo oksijeni wala upepo wa tairi. Vakyumu ivutwe angalau dakika 45, kisha pampu izimwe na geji iangaliwe: sindano ikirudi, kuna mahali panavuja. Gesi ipimwe kwa mizani kulingana na mwongozo wa seti. Kataa gesi mbadala zinazowaka moto. Evaporeta iko ndani ya kabini unamokaa.

Usimalizie malipo ya fundi mpaka umeona swichi ya shinikizo imeunganishwa, ile inayokata klachi gesi ikipungua au shinikizo likipita kiasi. Weka kipimajoto kwenye tundu la katikati, madirisha yakiwa yamefungwa na feni ya ndani kwenye kasi ya kati. Gari likitembea, nyuzi 5 hadi 8 za Selsiasi ni matokeo mazuri. Kisha lisimamishe juani injini ikiendelea kuzunguka kwa dakika kumi na usome tena. Ikipanda kidogo ni kawaida. Ikiruka hadi 18 au 20, rudi na karatasi yako mbele ya kondensa.