Leseni ya udereva ya nje: muhuri wa wakili au barua ya mamlaka?

Unapohamia nchi nyingine na kutaka leseni yako ya udereva itambuliwe huko, inabidi uithibitishe. Wengi hukimbilia muhuri wa wakili kwa sababu unapatikana siku hiyohiyo. Unapeleka leseni halisi na kitambulisho, nakala inatolewa pande zote mbili, anagonga muhuri na kutia sahihi. Lakini wakili anathibitisha kitu kimoja tu: kwamba nakala inafanana na kadi aliyoiona. Kama kadi ni ya kughushi, nakala yake itathibitishwa vilevile. Hata apostili (cheti cha kutambulisha hati katika nchi nyingine) ya Mkataba wa Hague wa 1961 ikiongezwa juu yake, inathibitisha sahihi na cheo cha wakili, si leseni.

Barua ya mamlaka iliyotoa leseni hutoka kwenye daftari lenyewe: namba, madaraja ya magari unayoruhusiwa kuendesha, kama iliwahi kusimamishwa, na tarehe ya kutolewa mara ya kwanza. Hiyo ya mwisho ina uzito. Kadi iliyohuishwa mara nyingi huonyesha tarehe mpya tu, na dereva wa miaka mingi anaweza kuhesabiwa kama dereva mpya.

Kasoro ya barua ni muda. Iombe kabla ya kuhama, ila si mapema mno, maana ofisi nyingi hukataa iliyokaa. Hakikisha jina linalingana na pasipoti herufi kwa herufi. Likitofautiana, hapo ndipo kiapo cha jina mbele ya wakili kinafaa kweli.

Na usibandue pini zinazoshikilia hati zilizothibitishwa ili kutoa kopi: karatasi zilizofunguliwa hushukiwa.