Uzoefu wangu: brashi, mopu na glavu za kuoshea basi bila kukwaruza rangi

Basi ninalolihudumia lina urefu wa mita 12 na rangi ya buluu iliyokolea, na rangi ya namna hiyo haifichi kitu. Jua likilipiga ubavuni, kila mkwaruzo unaonekana, vile vistari vyembamba vya duara kama utando wa buibui. Gari jeupe linaweza kukwaruzwa miaka nenda miaka rudi na mwenyewe asijue. Mimi sina bahati hiyo, kwa hiyo nilipotafuta vifaa vya kuoshea sikujali sana kipi kinatoa uchafu haraka. Vyote vinatoa. Nilitaka kinachoutoa bila kuuburuta juu ya rangi.

Maana kinachokwaruza mara nyingi ni mchanga, wala si kifaa chenyewe. Lile tabaka la juu lisilo na rangi, linaloleta mng'ao, kwenye magari mengi ni la maikroni 35 hadi 50 hivi, jembamba kuliko unywele wa kichwani. Punje moja ikinaswa, kila unapopitisha mkono nayo inapita. Ndiyo sababu sponji ya kawaida sikuipa hata nafasi: uso wake ni bapa, punje haina pa kuzamia, inabaki katikati ya sponji na rangi huku wewe ukisugua kwa bidii zote.

Tuanze na brashi ya mpini mrefu, kwa sababu basi halioshwi bila hiyo. Ile ya bei rahisi, yenye nywele nene za plastiki zilizokatwa butu, inafaa kwa tairi na chini ya bodi, basi. Niliyoikubali ni ya nywele za nailoni ambazo ncha zake zimechanwa. Ukiitazama kwa karibu utaona kila unywele unaishia kwenye vinyuzi vingi vidogo, na ukiilowesha ukaipitisha upande wa ndani wa mkono inateleza bila kuchoma. Kabla ya kuigusisha kwenye rangi niliijaribu kwenye CD ya zamani: unalowesha brashi kwa maji ya sabuni, unasugua upande unaong'aa, unakausha, unaitazama kwenye mwanga. Plastiki ya CD hukwaruzika upesi, kwa hiyo brashi ikifaulu hapo unaweza kuiamini. Ile ngumu iliacha CD hoi. Hii ya ncha zilizochanwa iliacha alama ambazo ilibidi nizitafute.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii dukani ni mpira unaozunguka kichwa cha brashi. Usipokuwepo, siku utakapozungusha brashi nyuma ya kioo cha pembeni, ile mbao au plastiki itagonga bodi, na hapo hutazungumzia mkwaruzo tena, utazungumzia rangi iliyobanduka.

Tatizo la mpini wa mita tatu ni kwamba mkono hauhisi kinachoendelea kule juu. Ukiosha kwa mkono unasikia kabisa punje ikikwaruza. Kwa mpini husikii kitu. Dawa yake ni macho: nywele zikilala kabisa juu ya bodi, unakandamiza mno, na sasa ubavu wa nywele ndio unaosugua badala ya ncha. Acha brashi iteleze kwa uzito wake, kwa mistari iliyonyooka kutoka juu kwenda chini. Kuzungusha ndiko kunakoleta ile mikwaruzo ya duara.

Brashi yangu inapitisha maji ndani ya mpini hadi kwenye nywele, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko hata ulaini. Mchanga unasukumwa nje muda wote badala ya kusubiri ukumbuke kusuuza. Kasoro zipo. Maji yanaondoa sabuni, kwa hiyo lazima povu litangulie. Maungio ya mpini nayo yanavuja washa ya mpira ikichoka, na ukiwa umeinua mikono maji yanashuka moja kwa moja hadi kwapani. Halafu mpini wa alumini hupitisha umeme. Kama kuna nyaya juu ya unapoegesha, sogeza gari kwanza.

Nilijaribu pia brashi ya nywele za nguruwe, inayosifiwa sana na wazee wa kazi hii. Kwa ulaini, haina mpinzani, na inabeba maji ya sabuni vizuri mno. Lakini inanyonyoka, inataka kuning'inizwa ikauke kila mara la sivyo inaoza na kunuka, na wapo wasiotaka hata kuishika. Kwa gari linalooshwa mara kwa mara naona ni mzigo.

Mopu ya maikrofaiba, kile kitambaa cha nyuzi nyembamba sana za plastiki, yenye vinyuzi virefu ndiyo niliyoitarajia zaidi, na imenipa jibu la nusunusu. Kwenye rangi ni pole kuliko brashi yoyote, kwa kuwa punje inazama ndani ya vinyuzi badala ya kubaki juu. Ila ikishashiba maji inakuwa nzito mwisho wa mpini, na ikifika kwenye kona au bawaba kichwa kinapinduka, kile kiungo kigumu kinagusa bodi. Naitumia kwenye ubavu ulionyooka tu, tena kwa kuichovya kila baada ya hatua mbili tatu.

Sehemu zote ambazo mkono unafika, yaani milango, bampa na uso wa mbele wenye wadudu waliokaukia, ni za glavu ya maikrofaiba. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na ile ya kusuuzia iwe na wavu chini ili mchanga ukituama usirudi juu. Glavu ikianguka chini, weka pembeni uchukue nyingine. Usijidanganye kwamba umeikung'uta. Na usiifue kwa dawa ya kulainishia nguo, inaziba nyuzi.

Kuhusu mashine ya presha, wapo wanaosema inatosha peke yake. Haitoshi. Ukimaliza, pitisha kidole: ule utando wa kijivu wa barabarani bado upo, unataka kuguswa. Kazi yake ni kuondoa mchanga mkubwa kabla hujagusa kitu. Napaka povu kutoka chini kwenda juu, naliacha dakika chache bila kukauka, kisha nasuuza kwa nozeli inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 40, umbali wa sentimita 30 au zaidi. Kwenye kingo za stika na mpira wa madirisha narudi nyuma zaidi. Nozeli ya nyuzi 0, ile ya maji yanayotoka kama msumari, ibaki kwenye sanduku.

Kwenye kukausha ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Wanapenda ule mpira wa kukwangulia maji kwa sababu unamaliza ubavu mzima haraka. Kwenye vioo sawa, nautumia. Kwenye rangi, punje moja ikibaki chini yake inachora mstari kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Natumia taulo kubwa la maikrofaiba, nalitandaza juu ya bodi na kulivuta taratibu bila kusugua, kisha nalikamua. Linachelewesha, na kwa basi zima yanahitajika zaidi ya moja.