Gemu ya kaseti ya Kariakoo: nimeipima kwa muziki tu

Nimeichukua Kariakoo kwa shilingi 45,000: mashine ya kuiga Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo), pedi mbili, adapta ya volti 9 na kaseti ya njano iliyobandikwa "gemu 9999999". Gemu tofauti ni 21. Zilizobaki ni zilezile, zimepewa majina mapya na hatua nyingine ya kuanzia.

Famicom ya mwaka 1983 ina chaneli 5 za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu inayobeba besi, moja ya kelele kwa ngoma, na moja ya sampuli. Hapa zote zipo, ila wimbi la mraba la asilimia 25 na la asilimia 50 (yaani sehemu ya kila mzunguko ambayo wimbi liko juu) yamebadilishana nafasi, kasoro ya chipu nyingi za kuiga. Melodi iliyotakiwa kulia puani kama zumari inatoka laini kama filimbi, na ya filimbi inageuka zumari. Asilimia 12.5 haiguswi, ndiyo maana wimbo mmoja unakuja sawasawa na unaofuata umepinda. Usihangaike na fundi. Kosa limo ndani ya chipu.

Mwendo nao una lake. Nota zinasogezwa kila picha inapochorwa. Gemu imeandikwa kwa picha 60 kwa sekunde, mashine hii inachora 50, basi wimbo wa dakika moja unakula sekunde 72. Sauti yenyewe haishuki sana, kwa sababu saa ya chipu ni MHz 1.77, ya asili 1.79. Wimbo ni uleule, unaburuza miguu tu.

Nimeiwekea pia Somari ya Hummer Team (1994), ile ya magendo inayomtia Mario ndani ya Sonic. Muziki wa Sonic ulitungwa kwa Mega Drive, mashine ya Sega yenye chaneli 6 za FM (sauti inayotengenezwa kwa wimbi moja kulitikisa jingine). Hapa melodi, kiitikio na besi vinagombania chaneli tatu, mbili za mraba na ya pembetatu. Besi ndiyo iliyonusurika vizuri.

Mvumo wa "mmmm" chini ya muziki unaondoka. Umeme wa adapta ni mchafu: chomea kapasita ya mikrofaradi 1000, volti 16, chanya kwenye mguu wa kuingilia wa 7805 (kipande cha miguu mitatu kinachoshusha umeme hadi volti 5), hasi kwenye ardhi. Ukigeuza miguu itapasuka. Adapta ya volti 6 usiijaribu, 7805 inataka 7 na kuendelea, la sivyo mashine inajizima na kuwaka.

Muziki ukikatika au kukwaruza, safisha meno ya kaseti kwa spiriti na kijiti cha pamba. Kupuliza kunaacha mate, mate yanaleta kutu.

Ukitaka kurekodi, waya mweupe uingie tundu la bluu la kompyuta. La pinki ni la maiki, sauti ya ngoma zote itakwaruza.

Kwa kucheza naipa 2 kati ya 5. Kwa kusikiliza, baada ya kapasita, 4.